Viza Imekataliwa, na Nasra Yuko Maramba

Jumapili, jioni. Tanga leo kuna lile joto la kunata, unaoga na ukitoka bafuni umeshalowa tena. Mawingu yapo tangu asubuhi, mvua yenyewe hakuna. Nimerudi kutoka Maramba sasa hivi, hata baibui sijavua, nimekaa kitako sakafuni na simu mkononi.

Sina utulivu. Niliseme hilo mapema, ili anayesoma asije akategemea mambo yaliyopangika.

Tangu walipoikataa viza yangu nimekuwa mtu wa kuzunguka tu humu ndani. Nafagia uwanja asubuhi, adhuhuri naufagia tena. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa na uchafu wowote, nimeanika magodoro, nimesugua masufuria mpaka moja limetoboka. Mama ananitazama tu, anainua miguu nipitishe fagio. Jana amenambia nikimaliza nyumba nitoke nikafagie na barabara, manispaa watanishukuru. Nilicheka. Kisha nikaingia chooni nikalia, nikafungua bomba ili asinisikie.

Kwa wale wasionijua: mie ni mhudumu wa afya, au niseme nilikuwa. Nilikuwa kwenye zahanati moja hapa mjini, kupima watu joto, kufunga vidonda, kubembeleza watoto wa sindano. Nikapata kazi nje, kutunza wazee kwenye nyumba yao maalumu, mkataba wa miaka miwili. Nchi yenyewe sitaitaja jina. Tumegombana.

Kazi ya zahanati niliacha kwa heshima zote. Wenzangu walinikatia keki, daktari akanitania kwamba nitarudi nimenenepa na ninaongea puani. Nafasi yangu amepewa binti kutoka Muheza. Nilipita pale juzi nikiwa na nia ya kumchukia. Akanipa shikamoo, akanivutia kiti, akaniuliza kama nimekunywa chai. Sikuweza.

Tatizo langu kubwa mtaani ni kwamba nimeshaagwa, viza haijatoka bado. Kwetu huwezi kusafiri mbali kimyakimya. Dua ilisomwa hapa barazani, shangazi zangu walitoka Kigombe na samaki wakavu wa kunifungia, wazee wote nilikwenda kuwaomba radhi mlango kwa mlango, na kila mmoja aliniwekea mkono kichwani. Sasa naonekana dukani nanunua sabuni. Watu hawana ubaya, wanauliza tu, ati bado upo? Nipo. Ndege lini? Inshaallah. Nimesema inshaallah wiki hizi mbili kuliko maisha yangu yote.

Lakini haya yote ningeyameza. Aibu huisha, mtaa hupata mtu mwingine wa kumsema. Lisiloisha ni la Nasra.

Nasra ni mwanangu. Ana miaka saba, ndiyo kwanza meno ya mbele yanaota. Baba yake tuliachana zamani, yuko Handeni na familia yake, hana shida na mtu. Mtoto nimemlea mie na mama yangu, humu humu. Nilipopata ile kazi, swali la kwanza la kila mtu lilikuwa mtoto anabaki na nani, na mama miguu haimruhusu kukimbizana na mtoto wa shule.

Dada yangu Hadija ameolewa Maramba. Mumewe mkulima, mtu mpole, wana mahindi na michungwa kidogo. Watoto hawakujaliwa. Miaka na miaka ya dawa za hospitali na za majani, mpaka akaacha, na sisi tukaacha kumuuliza. Kwa hiyo jibu lilikuwa wazi, hakuna aliyehitaji kikao.

Ila kuna namna ya kumpa mtu mtoto. Siku ile ya dua, wageni wakiwa bado kwenye mikeka, mama alinivuta chumbani. Akanambia ukisimama kule usitaje miaka. Usiseme nakuachia miaka miwili. Mtoto si sufuria la kuazimana, useme nirudishie likishapoa. Unampa dadako, unampa, na yeye ajue amepewa, ndipo atamlea bila kujizuia. Nilimwelewa. Na ndivyo kwetu kulivyo siku zote, hata mama mwenyewe alilelewa na khalati yake, dada wa mama yake, na hajawahi kujiita yatima.

Nikatoka, nikaushika mkono wa Nasra, nikauweka mkononi mwa dada mbele ya wazee. Nikasema, dada, huyu mwanao.

Dada alijifunika uso kwa mtandio. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilijiona nimefanya jambo kubwa, na kweli lilikuwa kubwa.

Wiki iliyofuata nikaitwa Dar kwenye mahojiano ubalozini. Wakala aliyenitafutia kazi alikuwa ameninoa vizuri. Jibu kwa kifupi, cheka kidogo, usionekane una mizigo, wasije wakadhani utamvuta mtoto kule baadaye. Binti wa ubalozi aliyenihoji alikuwa mpole, mdogo kuliko mie. Akauliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye. Akauliza anabaki na nani. Na mie, kwa kifua mbele kabisa, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikamwambia nimempa dada yangu, sasa ni mtoto wake.

Nilidhani nimempa jibu zuri kuliko yote. Kwetu ukisema hivyo, mtu anashusha pumzi, anajua mtoto yuko salama. Yule binti akaandika. Nikamwona anaandika kwa kirefu, nikafurahi.

Majibu yalikuja kwa lugha ya adabu sana. Hawakuridhika kwamba mkataba ukiisha nitarudi nyumbani. Sina mume, sina nyumba kwa jina langu, na mtoto wangu wa pekee, kwa maneno yangu mwenyewe, nimeshampa mtu mwingine. Kwa hiyo nirudi kwa ajili ya nini?

Niliyasoma nikiwa nimesimama kituo cha mabasi. Nikayasoma tena. Nikatamani kurudi kule dirishani ubalozini nimwambie yule binti, mwenzangu, hukunielewa, nimempa lakini ni wangu. Kisha nikajiuliza ningemwelezaje hilo na akaelewa. Hata kwa Kiswahili sijui ningeanzia wapi.

Hilo ndilo linalonizungusha na fagio. Wangeninyima kwa sababu ya vyeti, ningesema sawa. Wameninyima kwa sababu walidhani sina mtoto. Na niliporudi hapa nyumbani, nikafungua mlango wa chumba, nikakuta ndala zake ndogo hazipo, nikaona kwamba kwa kweli sina.

Ijumaa wakala alinipigia. Huyu bwana hachoki, sijui analala saa ngapi. Akasema huu si mwisho, tunaomba upya, tena tatizo lako ni dogo sana. Mchukue mtoto. Akae na wewe, umrudishe shule ya hapo mjini, serikali ya mtaa wakuandikie kwamba wewe ndiye unayemlea, mpige picha mbili tatu nzuri mkiwa pamoja. Wakiona mtoto anakusubiri, wanakupa. Viza ikitoka, mrudishe kwa dada yako. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni.

Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele na simu yangu ina sauti kubwa. Hakuinua kichwa. Nikamwambia Jumapili nakwenda Maramba. Akasema nisalimie.

Basi leo nimekwenda.

Nimefika watu wakiwa kwenye chai. Dada aliponiona aliinuka akanikumbatia, akanipokea mkoba, akaniuliza habari za mama, za miguu ya mama, za joto la mjini. Za viza hakuuliza. Nikajua anajua.

Nasra alikuwa nyuma ya nyumba. Akaja anakimbia, akanirukia, nikamnusa shingoni, na harufu haikuwa ile. Si harufu mbaya, sabuni nyingine tu. Kasukwa mistari midogo midogo iliyokaa sawa, kazi ya mtu mwenye subira, kwangu alikuwa anaishia kubanwa mabutu mawili basi. Kisha akateremka, akaenda ndani, akarudi na maji kwenye kikombe juu ya sahani, akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili.

"Karibu maji, mama wa Tanga."

Nikayanywa. Sikuwa na kiu.

Kila mtu pale anamwita dada mama Nasra. Muuza vitumbua kapita, mama Nasra. Jirani kaja kuomba moto, mama Nasra. Na dada anaitika bila kugeuka, kama mtu aliyeitwa hivyo tangu ujana. Nami kila jina likiitwa nilikuwa nainua kichwa.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari, lakini dada hakunipa nafasi. Nikifungua mdomo, ananipa muhogo nimenye. Nikimaliza muhogo, anaita majirani waje wanisalimie, mdogo wangu huyu, ndiye aliyenizalia. Alisema hivyo, ndiye aliyenizalia, na wale wanawake wakanishika mikono wakaniombea dua. Tukaenda kuona mahindi. Tukaenda kuona michungwa. Tukala ugali na kisamvu cha nazi, shemeji akasimulia habari ndefu ya nyani wanaovamia shamba lake, nikacheka mahali pasipotakiwa. Nasra alikaa katikati, anazungumza na vineno vya Kisambaa alivyookota shuleni, anamsahihisha shemeji, wanacheka wote watatu. Ana mwili kidogo sasa. Nimelipenda hilo na limeniuma hapo hapo, wallahi, sikujua mambo mawili hayo yanaweza kuja pamoja.

Alasiri shemeji akaenda msikitini na Nasra kaenda kucheza. Tukabaki wawili tunapukuchua mahindi kwenye ungo. Nikaona nisiposema sasa gari litaniacha.

"Dada, nataka nimchukue Nasra."

Hakuacha kupukuchua. Nikadhani hakunisikia, nikataka kurudia. Akasema polepole, bila hasira, anaangalia hindi mkononi mwake.

"Unamchukua wa kukaa naye, au unamchukua wa kuombea viza?"

Mama alikuwa ameshampigia. Sikumlaumu mama, wala sijamlaumu hata sasa.

Nilitakiwa nijibu pale pale. Mama yeyote angejibu pale pale. Mie nilikaa kimya muda wa kutosha dada kumaliza hindi lile na kuchukua jingine. Akanisubiri, kisha akaona jibu limechelewa, akainua ungo, akaingia nao ndani. Nikamsikia anaosha vyombo ambavyo tulikuwa tumeviosha pamoja baada ya kula.

Sikumfuata. Nilichukua mkoba wangu.

Nasra akanisindikiza mpaka barabarani, ndivyo alivyofundishwa, mgeni asindikizwe. Alinibebea mfuko wa machungwa ambao karibu umshinde. Gari lilipokuja akanipa mfuko, akanipungia, akasema kwa sauti ya mtu mzima kabisa, karibu tena. Nikamjibu asante.

Nimemjibu mwanangu asante.

Njia nzima nilikuwa najitetea kichwani. Nikasema nilinyamaza kwa mshtuko. Nikasema dada hakuwa na haki ya kuniuliza vile. Nikasema kazi ile ilikuwa kwa ajili ya Nasra, shule nzuri, chumba chake, maisha. Yote kweli. Lakini humu naandika kwa ajili ya kusema ukweli, vinginevyo ningeenda kufagia, kwa hiyo naandika. Asubuhi nilipokuwa nakwenda Maramba nilikuwa nimeshawaza gauni la kumpigia picha. Lile la njano la Iddi. Nilikuwa nimewaza tusimame wapi, mwanga wa asubuhi pale barazani ni mzuri. Nilikuwa nimewaza hata atakavyorudi tena Maramba baadaye, na nilijiambia watoto husahau upesi.

Nilikuwa namkumbuka mpaka mwili unauma, na wakati huo huo nilikuwa napanga kumtumia. Vyote viwili vilikuwa ndani ya gari moja na mie. Ndiyo maana sikuweza kumjibu dada, nisingejua ni mama yupi kati ya hao wawili anayejibu.

Nilipoingia hapa nimekuta ujumbe wa wakala. Mtoto tayari? Serikali ya mtaa umeshakwenda? Nafasi ya kuomba upya iko wiki hii, tusizubae.

Nikakaa hapa sakafuni. Nikafikiria wale wazee wanaosubiri mtu wa kuwaogesha, theluji, mshahara, chumba changu kidogo ambacho nilishakipanga kichwani mpaka mahali pa kutandika mswala. Nakubali, nilikuwa nakitaka kile chumba. Sikukitaka kwa ajili ya mtoto tu, nilikitaka mie mwenyewe, mwanamke mzima ambaye hajawahi kulala chumba kisichopitwa na watu kwenda uani. Bado nakitaka hata sasa ninapoandika.

Nikamwandikia wakala kwamba siombi tena. Akapiga mara moja, sikupokea. Akapiga tena. Nikazima sauti.

Kisha nikampigia dada kabla sijapoa. Akapokea, akauliza kama nimefika salama. Nikasema nimefika. Nikasema, dada, lile swali lako la alasiri. Nikasema ni wa kukaa naye.

Nilisikia kuku, nikasikia Nasra kwa mbali anaimba vitu vya shuleni. Dada akaniuliza je, wale wakiniita tena? Nikamwambia hawawezi kuniita, nimeshaacha kuomba. Akauliza nitakula nini. Nikasema sijui, kesho nitakwenda zahanati kuuliza kama wanahitaji mtu hata wa siku mbili kwa wiki, wakikataa nitatafuta kwingine. Akasema hapa Maramba kuna zahanati pia, kisha akakatiza mwenyewe, akasema basi, hilo tusiliongee leo.

Nilitegemea alie. Nilitegemea anitukane, maana tukiwa wadogo alikuwa na mdomo, na ningefarijika kidogo akinitukana. Nilikwisha kumpa mtoto mbele ya wazee, kwa mkono wangu, bila kutaja miaka, na sasa namnyang'anya kwa simu. Hakuna jina jingine la ninachofanya. Namnyang'anya mwanamke ambaye mtaa mzima ndiyo kwanza umezoea kumwita mama.

Akasema shule zikifungwa nije. Nisimkatishe masomo. Nikasema sawa. Akasema nguo zake atazifua, na zile mbili alizomshonea zinabaki, zitamkuta akija kutembea. Nikasema sawa. Kila kitu nikasema sawa, nilikuwa natamani aombe kitu kigumu.

Kisha akakiomba.

"Siku ile ulishindwa kumwambia kwamba unaondoka, ukaniachia mie. Nilimwambia mie, akalia siku nzima, akauliza amekukosea nini. Safari hii njoo umwambie wewe. Na umwambie mbele yangu kwamba sikumfukuza."

Nikasema nitamwambia. Akaaga, akakata.

Tangu hapo sijasimama, hata kuswali magharibi nimechelewa. Mama kapita mara mbili, kanitazama, mara ya pili kaniletea chai akaiweka chini bila neno. Imepoa. Kesho asubuhi nakwenda zahanati, hilo nimeamua. Shule zikifungwa nakwenda Maramba, hilo nalo nimeamua.

Ila nimekuwa najaribu hapa kwa sauti ndogo, nikimwambia Nasra ambaye hayupo, na kila mara nafika katikati nakwama. Nitasimama pale uwanjani, nitamshika mkono. Nitamwambia nini mtoto wa miaka saba, na dada yangu amesimama mlangoni anasikiliza?